Jinsi ya kuandaa na kutoa semina ya uchumi-mikro tumizi katika shule ya biashara

Semina ya uchumi-mikro tumizi (utafiti wa data kuhusu maamuzi ya watu na kampuni) huchukua dakika 75 hadi 90, na wasikilizaji huuliza maswali katikati ya maelezo bila kungoja mwisho. Hapo ndipo maandalizi ya wengi yanapoharibika. Anayetoka kwenye mikutano mikubwa ya kitaaluma, alikozoea dakika 15 au 20 za kusema bila kukatizwa, huja na slaidi 60 akidhani muda mrefu ni ruhusa ya kueleza kila kitu. Dakika ya 50 inamkuta kwenye slaidi ya 14, jedwali la matokeo liko slaidi ya 31, na mratibu keshaanza kuangalia saa.

Waliokaa pale wanataka vitu viwili: namba moja, na sababu ya kuiamini. Namba ni ukubwa wa athari ya jambo moja juu ya jingine. Sababu ya kuiamini ni maelezo ya kwa nini baadhi ya watu, maduka au wilaya waliguswa na jambo hilo na wengine hawakuguswa, na kwa nini mgawanyo huo haukutokana na kitu kilekile kinachosukuma matokeo. Mapitio ya maandishi, nadharia na majedwali ya uthabiti (yanayoonyesha kama matokeo yanabaki mbinu ikibadilishwa) yaingie kwa kadiri yanavyosaidia hivyo viwili tu.

Ili maelezo yasiningʼinie hewani, tutumie mfano wa kubuni. Kampuni yenye maduka 120 inaanza kutangaza ratiba za zamu wiki mbili kabla, badala ya siku tatu. Maduka hayakuanza siku moja. Yaliingia kwa makundi manne ndani ya mwaka. Data ni ya miezi 24 kwa kila duka, yaani mistari 2,880. Swali ni kama kujua ratiba mapema kunapunguza idadi ya wafanyakazi wanaoacha kazi.

Hesabu ya dakika

Chukua semina ya dakika 80. Dakika 3 hadi 5 zinakwenda kwa watu kuingia na mratibu kumtambulisha mgeni. Katika 75 zinazobaki, maswali hula thuluthi moja hadi nusu. Una dakika 40 hadi 50 za kusema, basi. Slaidi yenye kitu cha kueleza inataka dakika 2, kwa hiyo slaidi kuu ziwe 20 hadi 25. Anayesema haraka anaweza kufika 30. Zilizobaki zipeleke kwenye kiambatisho, hata zikiwa 40, lakini kila moja iwe na kiungo cha kubofya kutoka slaidi kuu na kitufe cha kurudia ulikotoka. Kupekua slaidi moja moja mbele ya watu 30 ukitafuta jedwali la makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) kunapoteza dakika nzima, na uzi wa maelezo ukikatika pale ni vigumu kuuunga.

Andika alama za muda kwenye karatasi uiweke mezani. Swali limeeleweka dakika ya 3. Namba kuu imetajwa kabla ya dakika ya 8. Chanzo cha tofauti kati ya walioguswa na wasioguswa kimeelezwa kufikia dakika ya 25. Matokeo makuu yameonekana kufikia dakika ya 45. Dakika 10 za mwisho ni akiba, usizipangie kitu. Amua mapema ni slaidi zipi utaruka ukichelewa, na uziwekee kinukta kidogo pembeni unachokijua wewe peke yako. Zinazofaa kurukwa ni za mgawanyo wa athari kati ya makundi na za uthabiti. Kamwe usiruke slaidi za matokeo makuu ili upate muda wa kumalizia nadharia. Watu hufanya hivyo kwa sababu nadharia iko mbele na wanaona aibu kuikatisha.

Dakika nane za mwanzo

Slaidi ya kwanza baada ya jina ieleze jambo la duniani, isiwe ya maandishi ya watafiti wengine. “Wafanyakazi wa maduka huambiwa zamu zao siku tatu kabla, wengi huacha kazi, je, kimoja kinasababisha kingine?” Hilo linatosha. Slaidi ya pili itaje data na mkakati kwa sentensi mbili. Ya tatu itoe jibu pamoja na vipimo vyake: kiwango cha kuacha kazi kwa mwezi kilishuka kwa pointi 0.9 za asilimia kutoka wastani wa asilimia 6.0, ambao ni upungufu wa asilimia 15. Usifiche jibu ukitaka kuwashtukiza watu mwishoni. Msikilizaji asiyejua unakokwenda atakuuliza maswali ya kubahatisha, na yote utayajibu kwa “nitafika huko”.

Tofauti kati ya asilimia na pointi za asilimia itajwe kwa kinywa, maana ikikosewa ndiyo swali la kwanza kabisa utakaloulizwa. Vivyo hivyo kwa athari zilizopimwa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa data): hazimwambii kitu mtu wa idara ya masoko mpaka uzigeuze kuwa fedha, siku au watu.

Hapa shule ya biashara inatofautiana na idara ya uchumi. Chumbani kuna wachumi, lakini pia kuna watu wa fedha, mikakati, masoko, uhasibu na usimamizi wa uendeshaji. Mchumi atauliza kwanza utambuzi wa kisababishi, yaani unajuaje kwamba jambo hili ndilo lililosababisha jingine. Mtu wa mikakati atauliza kwa nini kampuni haikufanya hivi zamani kama kunalipa. Swali lake ni zito kuliko linavyosikika: ama kuna gharama usiyoiona, ama mameneja hawakujua, ama motisha zao ziko kwingine. Andaa jibu lenye makadirio ya gharama: kumpata na kumfundisha mfanyakazi mpya kunagharimu kiasi gani, na kupanga zamu mapema kunamnyima meneja wepesi gani wa kukabiliana na siku zenye wateja wengi.

Slaidi ya “mpangilio wa mada” ifute. Mapitio ya maandishi yawe slaidi moja au yasiwepo. Taja makala mbili au tatu zilizo karibu zaidi na useme yako inatofautiana nazo wapi. Ukiorodhesha majina 20, kila mwenye jina lake pale atainuka kurekebisha ulichosema juu yake, na aliyeachwa atainuka pia.

Slaidi ya utambuzi, na maswali yanayoifuata

Hii ndiyo slaidi inayobeba semina. Ieleze kwa maneno kabla ya mlinganyo. Kwanza sema jaribio bora ungelifanyaje kama ungeachiwa: kuyagawa maduka kwa bahati nasibu, nusu yaanze leo, nusu yasubiri. Kisha sema kilichotokea kweli, na mwishowe taja wapi hivyo viwili vinaachana. Ukiutaja udhaifu wewe mwenyewe, mazungumzo yanahamia kwenye jinsi ulivyoukabili. Ukiuficha, mtu wa safu ya pili atautaja, na utatumia dakika 15 ukijitetea.

Katika mfano wetu udhaifu ni huu: nani alichagua maduka ya kundi la kwanza? Kama makao makuu yalianza na maduka yaliyokuwa yanapoteza wafanyakazi wengi mwezi uliotangulia, basi yangerudi kwenye wastani wake hata bila ratiba mpya. Orley Ashenfelter alionyesha jambo la namna hii mwaka 1978 katika mafunzo ya kazi: mapato ya waliojiunga yalikuwa yameshuka kabla tu ya mafunzo, na sehemu ya kupanda kwao baadaye ilikuwa ni kurejea pale walipokuwa. Kinachotakiwa ni kauli ya mtu aliyehusika na uamuzi. Waulize wahusika wa kampuni kabla ya semina: mpangilio ulifuata mikoa, mkataba wa programu ya kompyuta, au hali ya maduka? Jibu likiwa “mikoa, kwa sababu wakufunzi walikuwa wachache”, liandike kwenye slaidi hivyo hivyo. Maelezo ya utaratibu wa ofisini mara nyingi huwashawishi watu kuliko jaribio lolote la kitakwimu.

Mlinganyo ukionekana, soma kila herufi: *i* ni duka, *t* ni mwezi, hiki ni kigeu cha 0 au 1 kinachowaka duka linapoanza ratiba mpya, hizi ni athari maalumu za duka na za mwezi (zinazoondoa tofauti za kudumu kati ya maduka na mabadiliko ya mwezi yanayoyagusa yote). Kisha taja kinachobaki baada ya kuondoa hizo: tunalinganisha mabadiliko ndani ya duka lilelile na mabadiliko ya maduka ambayo hayajaanza. Usipoisema sentensi hiyo, kuna atakayeiuliza.

Maswali hutegemea mkakati, na yanatabirika kiasi cha kuandaliwa slaidi moja moja.

Kwa tofauti ya tofauti (kulinganisha mabadiliko ya walioguswa na ya wasioguswa, kama kwenye mfano wetu), watauliza mwelekeo sambamba kabla ya mabadiliko, yaani kama makundi hayo mawili yalikuwa yakienda pamoja. Onyesha grafu ya matukio yenye miezi angalau 6 kabla na 6 baada, mwezi mmoja kabla ukiwa ndio sifuri ya kulinganishia, na useme wazi miezi ya pembeni kabisa imeunganishwa au la. Usidai kwamba nukta tambarare kabla ya tukio zinathibitisha kila kitu. Kama makosa sanifu ni makubwa, hata mteremko wa kutosha kuzaa matokeo yako yote unaweza kupita bila kuonekana. Jonathan Roth aliliandikia hilo makala mwaka 2022, na wasikilizaji wengi wa fani hii wanalijua. Na kwa kuwa maduka yaliingia kwa makundi, rigresheni (mlinganyo wa kukadiria athari kwa data) ya kawaida yenye athari za duka na za mwezi itayatumia maduka yaliyotangulia kama kilinganishio cha yaliyofuata. Athari ikiwa inakua kadiri miezi inavyopita, mlinganisho huo unapotosha, na unaweza hata kugeuza alama. Kazi za de Chaisemartin na D’Haultfœuille (2020), Goodman-Bacon (2021) na Callaway na Sant’Anna (2021) zimelifanya hili kuwa swali la lazima. Jibu la sekunde 20 linatosha: tunatumia maduka ambayo bado hayajaanza kama kilinganishio pekee, namba inakuwa kadha, bofya hapa. Ukitumia dakika tano kufafanua mizani ya makadirio, semina imekuwa ya watu watatu.

Kwa muundo wa kizingiti (ambapo anayevuka alama fulani huguswa na asiyeivuka haguswi), watataka kuona kama kuna msongamano wa watu upande mmoja wa kizingiti (jaribio la McCrary la mwaka 2008 na yaliyofuata), kama sifa za awali zinaruka pale pale, na kama matokeo yanabadilika upana wa dirisha ukipunguzwa nusu au kuongezwa maradufu. Grafu ya nukta za wastani itangulie jedwali. Mruko usioonekana kwa macho hauaminiki sana, hata uwe na nyota tatu za uzito wa kitakwimu kwenye jedwali.

Kwa kigeu ala (kitu cha nje kinachosukuma nani aguswe, bila kufika kwenye matokeo kwa njia nyingine), onyesha hatua ya kwanza, yaani jinsi ala inavyosukuma nani aguswe, kabla ya kitu kingine, kisha athari ya ala moja kwa moja juu ya matokeo, ndipo makadirio ya mwisho. Kanuni ya zamani inasema takwimu ya F (kipimo cha nguvu ya ala) ya hatua ya kwanza izidi 10. Hiyo imekuwa kima cha chini tu tangu Lee, McCrary, Moreira na Porter waonyeshe mwaka 2022 kwamba, ala ikiwa moja, kutumia kizingiti cha kawaida cha 1.96 cha uzito wa kitakwimu kunahitaji F ya 104.7. Ukiwa na F ya 23, usibishane. Toa ukanda wa uhakika (masafa ambamo athari halisi inakadiriwa kuwamo) wa Anderson na Rubin ambao hautegemei nguvu ya ala. Historia ya tahadhari hii inafahamika chumbani: Angrist na Krueger walitumia robo ya mwaka wa kuzaliwa kama ala ya miaka ya shule mwaka 1991, na mwaka 1995 Bound, Jaeger na Baker walionyesha kwamba robo za kubuni, zilizochaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, zinaweza kutoa makadirio yanayofanana na yale ikiwa ala ni nyingi na dhaifu. Baada ya nguvu ya ala litafuata swali la kutengwa: je, ala inafika kwenye matokeo kwa njia nyingine? Hili halijibiwi kwa takwimu peke yake. Taja njia mbili ambazo wewe mwenyewe unaziogopa, na ushahidi unaozipunguza.

Kwa jaribio la nasibu, jedwali la usawa wa makundi lisizidi sekunde 30. Muda mwingi uende kwa waliopotea kabla ya kupimwa, hasa kama wamepotea kwa viwango tofauti, na kwa athari inayovuja kutoka walioguswa kwenda wasioguswa. Katika maduka, wafanyakazi wakihama kutoka duka lisilo na ratiba mpya kwenda lenye nayo, kundi linganishi nalo limeguswa, na tofauti uliyopima ni kubwa kuliko faida halisi ya kampuni.

Kisha swali linalokuja kwa mikakati yote: makosa sanifu yamekusanywa kwa kiwango gani, yaani vitengo vipi vinahesabiwa kuwa kundi moja (klasta)? Jibu la kawaida ni kiwango ambacho uamuzi wa kugusa au kutogusa ulifanyika. Bertrand, Duflo na Mullainathan waliweka sheria za kubuni kwenye data halisi za Marekani mwaka 2004, na bila kusahihisha uhusiano wa makosa kati ya miaka walipata “athari” yenye uzito wa kitakwimu hadi asilimia 45 ya mara, pale ambapo ingepaswa kuwa 5. Kwenye mfano wetu, klasta ni duka, 120, idadi ya kutosha. Lakini kama uamuzi ulifuata mikoa na mikoa ni 8, mtu atasema klasta zako ni 8, na atakuwa na haki. Kuwa na jedwali la mbinu ya sampuli-rejeo (kuchota sampuli upya mara nyingi kutoka kwenye data) kwa klasta chache tayari kwenye kiambatisho.

Jedwali moja, kwa karibu

Jedwali lililonakiliwa kutoka kwenye makala halisomeki ukutani. Lina safu 8, tarakimu nne baada ya nukta, majina kama *quit_rt_adj2*, na vigeu vya udhibiti (sifa nyingine zinazozingatiwa) 11 ambavyo hakuna atakayevitaja. Mtu wa nyuma anakunja macho, wa mbele anasoma namba usiyoizungumzia na kuuliza habari zake.

La semina liwe na safu 3: bila vigeu vya udhibiti, na vigeu vyake, na makadirio yanayotumia maduka ambayo hayajaanza pekee. Mstari wa kwanza “Ratiba wiki mbili kabla”: −0.9, chini yake (0.3). Mstari wa pili: wastani wa kuacha kazi kabla ya mabadiliko, 6.0. Wa tatu: maduka 120. Wa nne: mistari 2,880. Basi. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 18. Tarakimu moja au mbili baada ya nukta zinatosha, kwa sababu kosa sanifu la 0.3 linazifanya tarakimu za tatu na nne kuwa mapambo.

Ukifika hapo, soma: “Vipimo ni pointi za asilimia kwa mwezi. Safu ya kwanza, kuacha kazi kunashuka kwa 0.9 kutoka 6.0. Ukanda wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia kushuka kwa 0.3 hadi 1.5.” Kisha nyamaza sekunde tano. Watu wanahitaji muda wa kuangalia. Ukiharakisha kwenda slaidi inayofuata utaombwa kurudi. Nyota za uzito wa kitakwimu unaweza kuziacha kabisa. Ukanda wa uhakika unaeleza zaidi, na unajibu mapema swali la iwapo data yako ingeweza kugundua athari ndogo.

Panapowezekana, weka grafu badala ya jedwali. Mihimili iandikwe majina kamili na vipimo, na uieleze mihimili kabla ya mistari: “mlalo ni miezi tangu kuanza, wima ni tofauti ya kiwango cha kuacha kazi”. Tumia rangi mbili tu, na umbo la nukta litofautiane ili asiyetofautisha nyekundu na kijani asiachwe.

Kujibu maswali

Swali la kutaka ufafanuzi lijibu papo hapo, sentensi moja. Swali la utambuzi lijibu kama slaidi yake iko hapo ulipo; kama iko slaidi tatu mbele, sema “ni slaidi tatu zijazo” na ulikumbuke. Ahadi ikivunjwa mara mbili, watu wanaacha kukuamini na kila swali linakuwa la kusisitiza. Aina ya tatu ni swali lenye makala nyingine ndani yake: “kwa nini hukupima athari kwa familia za wafanyakazi?” Jibu ni kwamba data haina hilo, na ukitaka, kwamba ni jambo zuri la kufuatwa. Huna haja ya kuahidi utafiti mpya kila dakika kumi.

“Sijui” ni jibu halali, mradi lifuatwe na kile ambacho kingekupa jibu: “Sijui, ningeangalia kama athari ni kubwa zaidi kwa wenye watoto wadogo, na umri wa watoto haumo kwenye data ya mishahara.” Kisichofaa ni kubuni jibu. Kuna mtu pale amefanya kazi na data ya aina hiyo miaka kumi.

Mtu akirudia swali mara ya tatu, kwa kawaida ni mojawapo ya mawili: hukumwelewa, au hajaridhika na hataridhika. Lirudie swali lake kwa maneno yako umuulize kama umelipata. Akisema ndiyo, jibu mara moja ya mwisho, sema tuendelee baada ya semina, na ubonyeze slaidi inayofuata huku ukisema. Kidole kikisita, mjadala unaendelea.

Mwandishi mwenza akiwepo, akae na kalamu aandike kila swali na jina la aliyeuliza. Kama huna mwenza, muombe mwenyeji ampe mwanafunzi wa uzamivu kazi hiyo. Wewe mwenyewe hutakumbuka hata nusu.

Kwa mratibu wa semina

Mwalike mgeni miezi 4 hadi 6 kabla. Wenye kazi nzuri wana ratiba zilizojaa, na nauli hupanda. Barua ya mwaliko iseme mambo yote kwa mara moja: tarehe, saa, urefu wa semina, utaratibu wa maswali, nani analipa tiketi na hoteli na kwa njia gani, na risiti zipi zinahitajika. Kichwa cha mada na muhtasari uviombe wiki 2 kabla, makala yenyewe wiki 1 kabla. Makala isipofika, tangaza muhtasari, usingoje.

Ratiba ya mgeni iwe na mikutano ya dakika 30 ya ana kwa ana, isizidi sita au saba kwa siku. Walimu wachanga na wanafunzi wa uzamivu wapewe nafasi kwanza, kwa sababu wakongwe watajaza fomu dakika ya kwanza na wengine wasipate kitu. Wanafunzi wanaweza kukutana naye watatu kwa pamoja. Acha dakika 30 tupu kabla ya semina. Mgeni anahitaji kwenda msalani, kunywa maji na kupitia slaidi zake, na ndiyo nafasi inayoibwa na mkutano uliochelewa.

Chumba kikaguliwe dakika 20 kabla: waya za HDMI na USB-C, kibonyezo chenye betri, saa anayoiona mtoa mada akiwa amesimama, taa za mbele zinazozimika bila kuzima chumba kizima. Madarasa ya shule za biashara yaliyojengwa kwa umbo la kiatu cha farasi yanafaa kwa maswali, lakini viti vya pembeni havioni ukuta vizuri. Kwa watu 25 kwenye ukumbi wa 80, funga safu za nyuma kwa utepe. Kama kuna wanaofuatilia mtandaoni, mpe mtu mmoja kazi ya kusoma maswali yao kwa sauti. Bila yeye, maswali hayo hayataulizwa.

Utaratibu wa maswali utangazwe kwa sauti kila wiki, hata kama wote ni wenyeji. Ulio rahisi kuusimamia ni huu: dakika 10 za kwanza ni maswali ya ufafanuzi pekee, baada ya hapo mikono inyooshwe, na mratibu ndiye anayemkata mtu, si mgeni. Hoja ya kufanya hivyo ina ushahidi. Mwaka 2021 Pascaline Dupas na wenzake walitoa utafiti uliorekodi mamia ya semina za uchumi, wakakuta kwamba watoa mada wanawake huulizwa maswali mengi zaidi ya wanaume, na zaidi yenye sauti ya dharau au uhasama. Mratibu anayekaa kimya akidhani mjadala “utajirekebisha wenyewe” amekwisha chagua upande.

Kukata mtu kuna namna yake: “Swali limeeleweka, nadhani jibu tumelipata, tumpe nafasi afike kwenye matokeo.” Liseme kabla ya dakika ya tatu ya mabishano. Likichelewa linasikika kama karipio.

Kwa wanaouliza

Swali zuri lina sentensi mbili: wasiwasi, na kitu ambacho kingeuondoa. “Nahofia maduka ya kwanza yalichaguliwa kwa kuwa yalikuwa na hali mbaya. Je, mpangilio ulifuata nini?” Kama swali linaanza kwa kueleza makala yako mwenyewe, liache mpaka chakula cha jioni. Mwanafunzi asiye na uzoefu aanze na swali la vipimo au sampuli: wangapi, wapi, kipindi gani. Ni maswali yanayohitaji majibu, na mara nyingi wakongwe nao walikuwa wakingoja mtu ayaulize.

Baada ya semina

Panga maswali siku hiyo hiyo, kabla hujalala, katika mafungu matatu: yanayobadilisha makadirio, yanayobadilisha maelezo, na yasiyobadilisha kitu. Fungu la kwanza huwa na mawili au matatu tu, nalo ndilo la kufanyiwa kazi kwanza. La pili ni rahisi kulidharau. Swali likiulizwa katika semina tatu tofauti, hata kama jibu liko ukurasa wa 27, lihamishie utangulizi na kwenye slaidi ya nne. Msomaji mhakiki wa jarida atasoma kwa pupa kuliko waliokusikiliza. Waliotoa hoja za fungu la kwanza waandikie barua fupi ndani ya wiki moja, ukiwaambia umefanya nini na namba imekuwaje, hata kama haikusogea.